Tulilipia siku nzima Hever Castle, tukaambulia dakika sabini

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira na sina nia ya kuificha. Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, katika safari iliyoandaliwa na wakala mmoja anayejitangaza kwa Waswahili tuishio London. Tangazo lilisema wazi kwamba tungeshinda Hever Castle, huko Kent, tukitembelea kasri na bustani zake, na kwamba nauli na tiketi zimo ndani ya bei moja. Tulilipa fedha zote wiki tatu kabla.

Basi lilichelewa kuondoka kwa saa nzima, na hilo ningelivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni kwamba njiani tulipelekwa kwenye maduka ya bei ya punguzo, ambayo hayakuwamo kabisa katika ratiba, tukawekwa hapo saa mbili na nusu huku mwongozaji akituhimiza tununue. Tulifika Hever saa tisa alasiri, tukaamriwa tuwe tumerudi kwenye basi saa kumi na dakika kumi.

Mama yangu alifundisha historia katika shule za sekondari hadi alipostaafu. Habari za Anne Boleyn, aliyekulia katika kasri hilo, akaolewa na Mfalme Henry wa Nane na kisha kukatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536, amezisomesha darasani mara nyingi, na alichotamani kuliko vyote ni kuviona vile vitabu viwili vya sala vyenye mwandiko na saini ya Anne mwenyewe. Tulipofika darajani alisimama, akashika ukingo, akawa anatazama yungiyungi zilizotanda juu ya maji ya handaki na kuta za mawe zinazoinuka moja kwa moja kutoka majini. Aliniuliza kama maji hayo yana kina kirefu. Kabla sijafungua mdomo, mwongozaji alimgusa begani akamwambia, "Mama, twende, muda hautoshi," kisha akamkimbiza ngazini mzee wa miaka sabini na miwili. Vitabu tulivipita tu, kwa sababu mbele yake palikuwa na foleni na tulikatazwa kusubiri.

Nilimchagua wakala huyu ili mama apate maelezo kwa Kiswahili. Ndani ya basi, mwongozaji aliwaeleza abiria kwamba Anne Boleyn na Anne wa Cleves ni mtu mmoja! Huyo wa pili alipewa Hever mwaka 1540, miaka minne baada ya mwenzake kuuawa, ndoa yake na mfalme huyohuyo ilipobatilishwa. Ilibidi mama ndiye asahihishe, kwa upole, akiwa kitini kwake.

Bustani hatukuziona, na wakala alipoulizwa alisema eti bustani ni za kupiga picha tu. Mtu huyu hajui anachokiuza. William Waldorf Astor, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyelinunua kasri mwaka 1903, alizijenga bustani hizo kati ya 1904 na 1908, na wanaume 800 walitumia miaka miwili kuchimba ziwa la ekari 38 peke yake. Kuna bustani ya Kitaliano yenye sanamu za kale alizozikusanya mwenyewe, kuna mzingile wa miti na kuna zaidi ya miwaridi 4,000. Sisi tuliambulia kuiona kwa mbali ile miti iliyokatwa kwa umbo la kete za sataranji, tukiwa tunakimbilia basi.

Nilipompigia simu Jumapili, wakala alinijibu kwamba mlango tumeuingia na kasri tumeliona, kisha akaniondoa katika kundi la WhatsApp. Ninataka nusu ya fedha zetu, na ninataka amwombe mama radhi yeye mwenyewe. Wanaosema nimwache kwa kuwa ni mwenzetu wakumbuke kwamba ni huo uwenzetu alioutumia kutuuzia safari hii. Mliokuwa ndani ya basi lile, tafadhali niandikieni faraghani ili tudai kwa pamoja.

Mama anaondoka wiki ijayo, na nimeamua kumrudisha Hever mwenyewe, kwa treni ya asubuhi kutoka London Bridge. Aliyewahi kushukia Edenbridge Town anijulishe kama teksi hupatikana pale bila kuagiza mapema, kwani magoti ya mama hayawezi ile njia ya miguu ya kutoka stesheni ya Hever.