Naomba ushauri: sainobakteria wa sukari wanageuka njano

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Hawa ni Synechococcus elongatus PCC 7942 wenye jeni ya cscB (inayotengeneza mlango wa kupitishia sukrosi), wale wanaotumia kaboni dayoksaidi na mwanga kutengeneza sukrosi na kuitoa nje ya seli. Wamo kwenye maji ya virutubisho ya BG-11 (nitrati ya sodiamu gramu 1.5 kwa lita) na HEPES (ya kutuliza pH) milimola 20, pH 8, nyuzi 32, hewa ina kaboni dayoksaidi asilimia 2. OD750 (kipimo cha wingi wa seli) ikifika 0.5 wanapewa IPTG (kemikali ya kuwasha jeni hiyo) na chumvi gramu 8.8 kwa lita. Bila chumvi sukrosi ni kiduchu.

Siku ya tatu kijani kinafifia. Nitrati bado ipo, pH 7.7, kwa hiyo si njaa ya nitrojeni wala asidi. Kwenye hadubini kuna vijibakteria vingine, na si ajabu, sukari haikosi wageni. Otoklevu (mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke) tumeshaipandisha shinikizo hadi psi 17, maana kwenye mita 1,400 huku psi 15 inaishia kama nyuzi 118 badala ya 121. Ninachoshuku ni chujio la hewa la mikroni 0.2, linalowa kwa mvuke.

Mnalikaushaje? Na je, mnavuna kila siku, au mnaacha sukrosi ijikusanye kwanza?