Msaada: hita ya gari inapuliza baridi tu, na mwisho wa mwezi napanda Njombe

Kimara Mwisho

Wakuu habari zenu. Najua kuna watakaocheka, mtu wa Dar anaulizia hita. Nisikilizeni kwanza.

Nina kigari cha Kijapani cha mwaka 2004, cc 1500, petroli, otomatiki. Nilikinunua kwa mtu hapa hapa mjini. Tangu nikipate sijawahi kuhitaji joto humo ndani, kwa jua hili nani analihitaji? AC inagandisha vizuri kabisa. Sasa mwisho wa huu mwezi wa sita tunaenda ukweni Njombe na mtoto wa miezi minne, na mke wangu kanionya kwamba baridi ya kule kipindi hiki siyo ya mchezo. Ndiyo nikaijaribu hita. Nimezungusha kitufe mpaka mwisho wa nyekundu, AC nimezima, feni nimeweka ya mwisho, nimetoka Kimara hadi Kibaha alfajiri. Hewa inayotoka ni ile ile ya nje.

Fundi wa mtaani anasema dashibodi yote ishuke, hita ibadilishwe. Kanitajia laki nne ya kazi peke yake, spea mbali. Gari haichemshi. Geji ya mshale haina, ina zile taa mbili, ya bluu injini ikiwa bado ya baridi na nyekundu ikichemsha. Maji naongeza kidogo mara moja moja. Nianzie wapi kabla sijakubali dashibodi ifumuliwe?

Shombo la Feri

Mkuu vaa koti, mtoto mfunge kanga tatu. Uzi ufungwe 😂

Nyundo ya Gerezani

Achana na huyo. Mkuu, dashibodi isiguswe kabla hujashika mipira miwili.

Hita ya gari haina moto wake. Ni kirejeta kidogo kilichojificha nyuma ya dashibodi, kinapitisha maji yale yale yaliyotoka kuipoza injini, na feni inasukuma hewa ipite katikati yake. Kwa hiyo ukiona baridi, ama maji ya moto hayafiki, ama yanafika lakini hewa haipitishwi hapo. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Endesha gari mpaka ipate moto sawasawa. Fungua boneti, angalia ule ukuta unaotenganisha injini na nyie mnaokaa ndani. Utaona mipira miwili ya unene wa kidole gumba inaingia ukutani. Iguse kwa tahadhari, na mikono iwe mbali na feni na mikanda. Ikiwa yote miwili ni ya moto, maji yanafika. Shida iko ndani, kile kibao kinachogeuza njia ya hewa hakisogei, au waya wake umekatika, au kimota chake kimekufa. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, kirejeta kimeziba, au kuna vali haifunguki. Yote ya baridi, maji pungufu, au hewa imenasa, au kuna mtu aliingiza mkono wake humo. Lete majibu pamoja na picha.

Mjomba wa Tegeta

Na kabla hujawasha kesho asubuhi, gari ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta uone maji yako wapi. Usidanganywe na ile chupa ya pembeni, inaweza kuwa imejaa na rejeta ina pengo. Gari nyingi hita iko juu kwenye mzunguko, maji yakipungua kidogo yeye ndiye wa kwanza kukosa. Ikiwa ya moto usiuguse mfuniko, yale maji yatakurukia usoni.

Halafu umepita haraka hapo kwenye "naongeza kidogo mara moja moja". Yanakwenda wapi? Ule mfumo umefungwa, haupaswi kunywa maji. Na unaongeza maji gani?

Kimara Mwisho

Ya bomba, mjomba. Siku yasipotoka, ya kisima.

Mjomba wa Tegeta

Ya kisima! Visima vingi vya Dar vina chumvi, chai yenyewe inakataa. Ndani ya injini inaota kutu na magamba, na vijia vya hita ni vyembamba kuliko vya rejeta kubwa. Ndiyo maana huziba kwanza.

Mama Wawili Goba

Naomba kuuliza kitu ambacho hamjauliza. Taa ya bluu inazimika mapema au inachelewa?

Kimara Mwisho

Inachelewa sana dada. Na kuna asubuhi nikiwa na mwendo Morogoro Road imewaka tena yenyewe. Nilidhani ni waya.

Mama Wawili Goba

Na mafuta inakunywa, siyo? Themostati imetolewa hiyo, au imekwama ikiwa wazi. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 au 88 hivi. Ikiwa haipo, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na ukiwa kasi upepo unayapoza. Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumimina mafuta mengi. Hita nayo inapewa maji ya uvuguvugu.

Ukipata mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mwambie akuonyeshe joto la maji mkiwa barabarani. Likipanda hadi 80 au 90 na kutulia hapo, themostati ni nzima. Likining'inia kwenye 60, haipo au imekwama wazi. Hata taa ya injini inaweza kuwaka na kodi P0128, maana yake ndiyo hiyo hiyo: maji hayapati moto wa kutosha.

Fundi Mkongwe Tandika

Nimeshika spana kabla wengi wenu hamjazaliwa. Themostati ni ya nchi za theluji. Hapa Dar unaitoa, maji yanazunguka kwa uhuru, gari haichemshi. Wateja wangu hawajawahi kurudi kulalamika.

Mama Wawili Goba

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hapo tutabishana. Gari nyingi za Kijapani themostati ina kisahani cha pili chini, kinachoziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Siku ya foleni na jua la saa nane ndiyo unashangaa gari isiyo na themostati inachemsha. Wateja hawarudi kwa sababu hawajui mafuta wanayopoteza yanatokana na nini.

Fundi Mkongwe Tandika

Marahaba. Haya, nyie wenye mashine. Ila hakikisheni huyo kijana hita yake imeunganishwa. Mimi nilishaziruka nyingi, maji yasipite kwenye hita kabisa.

Kimara Mwisho

Wakuu, mzee kasema kweli. Nimefungua boneti na tochi. Mipira miwili hakuna. Kuna mmoja uliopinda, unatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini. Pale ukutani kuna midomo miwili ya bomba imezibwa kwa nailoni na kufungwa waya. Picha hizi hapa.

Shombo la Feri

Fundi wa mtaani alitaka laki nne afumue dashibodi, na boneti hakuifungua 😂😂

Nyundo ya Gerezani

Nilihisi. Kirejeta cha ndani kilivuja, mwenye gari akaambiwa "hita ya nini Dar", wakakiruka. Ni dawa ya bei rahisi na gari inatembea bila shida, ndiyo maana imejaa mjini. Mnunuzi wa pili hajui.

Sasa usikimbilie kurudisha mipira, utaogesha zulia. Jaribu kirejeta kwanza. Fungua ile midomo miwili, weka kipande cha mpira kila upande, pitisha maji safi kwa nguvu ndogo, uanze upande wa kutokea ili uchafu urudi ulikoingilia. Kutu itatoka nyingi. Usikubali mtu akuletee kompresa ya matairi hapo, kile kitu ni chembamba, kitapasuka. Na asidi hapana. Maji yakitoka meupe, ziba upande mmoja, jaza, inua mpira wa pili juu, weka alama ya kina cha maji, acha mpaka kesho. Kina kikibaki pale pale na zulia la abiria wa mbele ni kavu, una bahati. Kikishuka, basi hapo ndipo dashibodi inashuka kihalali.

Mjomba wa Tegeta

Dalili nyingine ya kuvuja ndani, kwa faida ya wengine: harufu tamu tamu ukiwasha feni, na kioo cha mbele kupata ukungu wa mafuta mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu. Ukiona hivyo usisubiri.

Mbena wa Makambako

Kamwene shemeji! Umeoa kwetu, lazima nikupe ya kwetu.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Ukienda mbele mpaka Makete na Kitulo, mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu. Kwa hiyo maji matupu yatoe, weka kulanti, ile dawa ya kuzuia kutu na kuganda, na maji yasiyo na chumvi kama ya betri, nusu kwa nusu. Hapo baridi ya Kitulo haikupati, na muhimu zaidi kwako, kutu inakoma.

La pili hakuna aliyelitaja: mfuniko wa rejeta. Ule una springi, unabana presha ili maji yasichemke mapema. Springi ikilegea Dar, maji yanachemka kwenye 100, unaweza usijue. Kwetu juu, bila presha, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mfuniko uliochoka unakuvumilia Kimara, unakuumbua Njombe. Nunua mpya, wenye namba ile ile iliyoandikwa juu ya wa zamani.

La tatu, ukungu wa kioo. Kuanzia Kitonga mpaka Mafinga asubuhi unaweza usione boneti yako. Washa AC na hita kwa pamoja, elekeza kwenye kioo, hewa iwe ya kutoka nje, siyo ile ya kuzungusha ndani. AC inakausha, hita inapasha. Hata hita ikikushinda, AC peke yake na hewa ya nje inasaidia. Na tafadhali, kuna watu huwa wanaweka jiko la mkaa ndani ya gari iliyosimama ili mtoto apate joto. Ile hewa inaua na haina harufu.

Fundi Mkongwe Tandika

Na mimi niongeze moja. Ukipanda Kitonga nyuma ya semi, ukaona taa nyekundu inataka kuwaka, fungua hita yote na feni ya mwisho, shusha vioo. Mtatoka jasho lakini mmeipunguzia injini moto mpaka upate pa kusimama. Gari iliyorukwa hita haina huo mlango wa dharura. Hapo nakubali.

Kimara Mwisho

Mrejesho. Kirejeta kimekaa usiku kucha bila kushuka. Uchafu uliotoka ulikuwa rangi ya udongo mwekundu. Themostati kweli haikuwepo, nimenunua mpya Kariakoo pamoja na mpira wake wa kuzibia, mipira miwili ya hita na klampu. Kulanti imewekwa. Fundi niliyempata Ubungo kachukua elfu arobaini kwa kazi yote.

Joto linatoka! Lakini nikiwa na mwendo tu. Nikisimama kwenye taa linapoa, nikiondoka linarudi. Na kuna sauti ya maji kugugumia nyuma ya dashibodi.

Mama Wawili Goba

Hewa imenasa. Gari ikiwa imepoa, ipaki pua ikiwa juu, kwenye mteremko wowote. Mfuniko wa rejeta wazi, hita kwenye moto wa mwisho. Washa, acha ipate moto taratibu, minya mpira wa juu wa rejeta mara kwa mara, mapovu yatatoka, ongeza kulanti kadiri inavyoshuka. Feni ya rejeta ikishawaka na kuzima na mapovu yakikoma, funga mfuniko.

Yasipokoma kabisa, na kina kinazidi kushuka, kapime gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Angalia na mafuta ya injini, yakiwa kama chai ya maziwa safari isubiri. Mapovu yakikoma ila joto bado linapotea ukisimama, shuku pampu ya maji. Kutu ile huwa inakula mapanga yake.

Kimara Mwisho

Yamekoma dada. Sauti imeisha. Jana foleni ya Mbezi nimesimama muda mrefu, hewa bado ya moto, mke wangu kaniomba nizime. Taa ya bluu sasa inazimika kabla sijafika barabara kubwa. Asanteni sana, na mzee wa Tandika shikamoo.

Mbena wa Makambako

Shemeji, asubuhi ya safari pima tena kina kabla ya kuwasha, mara nyingi hushuka kidogo baada ya hewa kutoka. Beba lita mbili za kulanti iliyochanganywa tayari, usije ukaongeza maji ya mtoni Ruaha. Mfuniko umebadilisha?

Kimara Mwisho

Bado, natoka sasa hivi kwenda kuutafuta.