Wiki moja jangwani kutoka Nakuru: Chalbi, Baragoi au Lodwar?

Mwana wa Menengai, Nakuru

Wadau, hamjambo. Mwezi wa Julai tunaelekea kaskazini, watu kumi na wanne, magari matano: Prado mbili, Hilux, Land Cruiser kuukuu ya mzee mmoja wa Njoro, na Forester. Siku saba. Tutalala kwenye mahema na kujipikia.

Njia tunazozibishania ni tatu. Ya kwanza: Nyahururu, Nanyuki, Isiolo, lami hadi Marsabit, kisha Maikona, Kalacha, tulikate jangwa la Chalbi hadi North Horr, tuteremke Loiyangalani, mashariki mwa Ziwa Turkana, turudi kwa barabara ya Laisamis. Ya pili: Rumuruti, Maralal, Baragoi, South Horr hadi Loiyangalani, na kurudi kulekule. Ya tatu: Eldoret, Kitale, Kapenguria, Lodwar, kisha Eliye Springs na Kalokol, yaani magharibi mwa ziwa.

Naomba maoni ya waliozipita, si ya waliotazama video. Wenzetu wa Kisumu wanavutia Lodwar kwa sababu wanazozijua wao.

Kondele Dizeli, Kisumu

Mkuu, sababu zetu hatuzifichi. Sisi tukipitia Kakamega na Webuye, asubuhi moja tuko Kitale. Mkitaka tuje Nakuru kwanza ndipo tuelekee Isiolo, siku nzima imeliwa na lami na hatujaona hata punje ya mchanga.

Lodwar kuna mafuta, kuna mafundi, kuna hospitali. Eliye kuna chemchemi na mikoma ya kutundikia machela, na mchanga wenyewe unaupata kuanzia ukitoka Lodwar. Barabara ya Kalokol ina yale mawe ya Namoratunga yaliyosimamishwa na watu wa kale. Ukifika Kalokol unapanda mashua hadi Central Island, kisiwa cha volkeno chenye maziwa matatu ndani yake, na mamba wanazaliana humo. Mwenye hamu ya historia aendelee kaskazini hadi Nariokotome, Kamoya Kimeu alikoona mfupa wa kwanza wa yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale, mwaka 1984.

Na samaki wapo. Msinicheke, hilo nalo ni hoja.

Fundi Bondeni, Nakuru

Omera, hiyo uliyoeleza ni pikiniki nzuri sana. Lakini mwenye uzi ameuliza habari ya kuendesha jangwani. Lodwar utafika kwa lami, utalala ufuoni, utarudi kwa lami. Ukitoa vipande vya mchanga vya kwenda Eliye, gari lako halitajua kama lilisafiri.

Chalbi ni kitu kingine. Pale palikuwa ziwa zamani, likakauka, likaacha sakafu ya udongo na chumvi, tambarare hadi macho yachoke. Ikiwa kavu unapita vizuri, na kishawishi cha kukanyaga mafuta ni kikubwa. Ikiwa na maji chini, uso unaweza kuonekana mkavu huku chini ni tope, na gari linazama hadi kwenye bampa. Ukishaona njia imegeuka rangi, imekuwa nyeusi-nyeusi, simama ukiwa bado pagumu, shuka, tembea kwa miguu. Gari la pili lisifuate la kwanza mpaka la kwanza limevuka. Nimeona msafara mzima umenasa mstari mmoja, hakuna wa kumvuta mwenzake.

Kazi kubwa ya njia hii ni tairi. Kwenye mchanga laini unashusha upepo, kutoka PSI 35 hadi 20 au hata 18, ili tairi litandaze. Watu wengi wanalijua hilo. Wanachosahau ni kwamba ukitoka North Horr kuelekea Loiyangalani unakutana na mawe ya volkeno, meusi, yenye makali. Tairi lililolegea linatanuka ubavuni, na ubavu ndio unaochanwa. Pancha ya usoni inazibwa kwa kamba za raba dakika kumi. Ubavu ukichanika, tairi hilo ni la kutupa. Kwa hiyo kila mchanga unapoisha mnasimama na kujaza tena. Inachosha, lakini ndiyo kazi. Pampu ya umeme ya betri iwe katika magari mawili, si moja, kwa sababu za bei nafuu huungua kwa joto. Tairi za akiba ni mbili kwa kila gari, na ziwe na upepo.

Njia ya Baragoi? Ni nzuri kwa macho. Ukivuka Maralal kuna pale Losiolo, Bonde la Ufa linafunguka chini yako mpaka unashika mti. Halafu ni mawe, korongo, mawe, korongo. Springi zitalia. Kurudi njia ileile siioni faida yake.

Kijana wa Lanet

Kwa nini hakuna anayetaja Suguta? Kutoka Baragoi mnashuka bondeni, mnapita kwenye mchanga na miamba hadi kusini mwa ziwa. Hiyo ndiyo safari ya wanaume.

Mama Safari, Eldoret

Lanet, mwanangu, mimi si mwanaume na nimeendesha sehemu ambazo wanaume walifunga macho, kwa hiyo tuliache hilo.

Suguta ni mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi nchini, haina barabara, na ni uwanja wa wezi wa mifugo. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa huko kwa kuviziwa wakifuatilia ng'ombe walioibwa Baragoi. Hao walikuwa na bunduki; ninyi mna sufuria. Kikundi chenye watu wapya hakipelekwi huko.

Nikiendelea na hilo la usalama, maana naona linakwepwa: hakuna njia kati ya hizi tatu iliyo safi kabisa. Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita kuwa za hatari, Turkana, Pokot Magharibi, Samburu na Baringo zikiwemo. Njia ya Lodwar inapita Kainuk, na kipande hicho kimesumbua madereva miaka mingi. Marsabit nako Mei 2022 kuliwekwa kafyu. Hali hubadilika kwa wiki, si kwa mwaka. Wiki ya kuondoka, mmoja wenu awe na kazi moja tu: kupiga simu kwa polisi na kwa madereva wa malori wa njia hiyo. Usiku hakuna kuendesha. Saa kumi jioni mnatafuta pa kulala, iwe mmefika mlikopanga au hamjafika.

Mimi ningechagua Chalbi. Lakini hesabu maji kwanza. Lita sita kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, bila kuoga. Watu kumi na wanne kwa siku nne kati ya Marsabit na Laisamis ni lita 336, ambazo ni kilo 336 kabla hujapakia hema hata moja. Zigawanywe kwa magari yote. Mtungi mmoja ukipasuka msibaki mnatazamana. Msitegemee maji ya ziwa, yana magadi.

Chakula: sukuma wiki itanyauka kabla hamjafika Isiolo vizuri. Bebeni kabichi, vitunguu, viazi, ndengu zilizochemshwa nusu, unga, na chapati za siku mbili za kwanza. Nyama nunueni mbuzi hukohuko, mchinjiwe.

Mwana wa Menengai, Nakuru

Asante sana, Mama. Na mafuta je? Kuna anayesema Loiyangalani yanapatikana.

Fundi Bondeni, Nakuru

Yanapatikana kwa madebe, siku yakiwepo, kwa bei ya aliye nayo, na usafi wake ni wa kuomba Mungu. Yahesabu kama hayapo.

Marsabit hadi Laisamis kwa kuzunguka Chalbi na Loiyangalani, weka zaidi ya km 500 bila pampu ya kuaminika. Prado hizo zina tangi la lita 87. Kwenye lami zinakwenda kilomita kumi kwa lita. Kwenye mchanga kwa gia ya chini hesabu sita. Lita 87 mara sita ni km 522. Kwenye karatasi inatosha, lakini ukipotea njia kidogo umekwisha. Kila gari libebe mitungi miwili ya lita 20, ya chuma, ikae chini nyuma ya viti na ifungwe. Ukiipanga juu ya paa gari linakuwa na kichwa kizito, na kwenye mteremko wa pembeni linaangukia ubavu.

Sasa swali ambalo nimelisubiri liulizwe. Prado, Hilux na ile ya mzee, zote ni dizeli?

Mwana wa Menengai, Nakuru

Zote dizeli.

Fundi Bondeni, Nakuru

Na Forester ni petroli. Tangi lita 60. Ikiishiwa, hakuna gari hata moja katika msafara litakaloweza kuigawia. Pia tumbo lake liko chini. Kwenye njia iliyochimbwa na malori itakuwa inalima katikati. Forester ya nani?

Kondele Dizeli, Kisumu

Ni yangu.

Mama Safari, Eldoret

Haya, sasa Lodwar tumeielewa.

Kondele Dizeli, Kisumu

Mama, niheshimu kidogo, jina la Dizeli nililipewa enzi za pikapu. Lakini hoja yangu bado ina miguu: kikundi kikisafiri na Forester, njia ni Lodwar. Kikisafiri bila Forester, tuko wawili tunaohitaji viti.

Galgalu, Marsabit

Nimesoma kimya, sasa niseme kama mwenyeji. Karibuni sana, lakini zingatieni mambo mawili.

La kwanza ni mwelekeo. Wengi huanzia Loiyangalani na kumalizia Chalbi, wakiiweka kama karamu ya mwisho. Ni hatari. Ukifika North Horr kutoka ziwani ukakuta Chalbi imelowa, mafuta yako yameisha nusu na nyuma yako ni mawe matupu. Mkianzia Marsabit kama mlivyopanga, tangi limejaa na uamuzi mnaufanya Maikona au Kalacha. Ikiwa imelowa, mnarudi Marsabit na kushika lami hadi Laisamis, mnaingia Loiyangalani kwa barabara ya mitambo ya umeme wa upepo. Hiyo ni kama km 208 kutoka Laisamis hadi Sarima, mitambo iliposimama; ilitengenezwa ili kupitisha vipande vya ile mitambo 365, ni changarawe nzuri. Mtapoteza Chalbi lakini safari haitakufa.

Julai ni mwezi mzuri, mvua ndefu huwa zimekwisha. Ila msitazame anga la Kalacha peke yake. Maji yanaweza kushuka kutoka mlimani wakati juu yenu ni jua.

La pili, chukueni mwongoza njia Kalacha. Chalbi ina alama za tairi zinazokwenda kila upande, na nyingine ni za mtu aliyepotea kabla yako. Wagabra wanaijua ardhi hiyo kwa sababu ngamia wao wanaipita. Mpeni kiti cha mbele katika gari la kwanza, mpatane bei kabla ya kuondoka. Na msiingize magari kwenye chemchemi ya Kalacha kupiga picha. Watu na mifugo wanakunywa hapo.

Kijana wa Lanet

Na upepo wa Loiyangalani ni kweli, au ni hadithi za watalii?

Galgalu, Marsabit

Mitambo 365 haikujengwa kwa ajili ya hadithi. Unashika kasi usiku na asubuhi, mchana hutulia kidogo. Ukisimamisha hema jioni ukaona pametulia, usidanganyike. Vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema la dukani viache nyumbani, beba vyuma vya ujenzi vilivyokatwa, na paki gari upande upepo unakotoka. Moto wazi usiwashe; cheche moja na mnalala nje. Viatu vikung'utwe asubuhi, nge wapo.

Mama Safari, Eldoret

Na simu: mtandao upo kwenye vituo, katikati hakuna. Kodini simu moja ya setilaiti, mgawane gharama. Msafarani kila dereva amchunge aliye nyuma yake, si aliye mbele. Ukiona vumbi la nyuma limepotea, unasimama. Wa mbele yako naye atakukosa, atasimama, hivyo hivyo hadi la kwanza. Kwenye njia panda hakuna kuondoka mpaka wa nyuma amekuona ulikopinda. Gari la mwisho liwe la fundi.

Mwana wa Menengai, Nakuru

Basi imekuwa Chalbi, kwa kuanzia Marsabit, magari manne. Watu ni walewale, kwa hiyo maji ni kilo 84 kwa kila gari na mizigo ya nguo ipunguzwe. Kila mtu begi moja laini. Kondele na mwenzako, mmoja atapanda kwa mzee wa Njoro, mwingine kwenye Hilux. Forester ibaki kwangu Nakuru, ipo nafasi uani. Lodwar tutaipanga Januari, mvua fupi zikiisha.

Fundi, wewe umekubali gari la mwisho?

Fundi Bondeni, Nakuru

Nimekubali, kwa sharti moja. Jumamosi ya kwanza ya Julai magari yote manne yaje gereji yakiwa yamepakiwa kila kitu, maji na mafuta yakiwemo. Nataka kuona springi zimelala kiasi gani. Nitakagua feni belti, mipira ya rejeta na kila tairi la akiba. Atakayekuja na tairi la kipara atalinunua jingine siku hiyohiyo au atawaachia wengine kiti chake.

Kondele Dizeli, Kisumu

Mimi na omena tuko tayari. Yule mzee wa Njoro anavuta sigara ndani ya gari?