Kipimo changu cha damu kimegoma kutoa rangi. Nifute sampuli 40?

Kijana_wa_Benchi: Wakuu, naombeni ushauri. Niko mwaka wa mwisho wa uzamili, natengeneza kipimo rahisi cha ALP, kimeng'enya kinachopanda njia za nyongo zikiziba au mifupa ikiwa na shida. Kemikali ya pNPP haina rangi. ALP ikiikata inageuka njano, naisoma kwa mashine kwenye mwanga wa nanomita 405. Nataka hata zahanati isiyo na mashine ione njano hiyo kwa macho. Sampuli 20 za mwanzo zilikubali. Hizi 40 za pili, kimya, hata za wagonjwa wenye manjano ya macho na ngozi. Wiki ijayo nawasilisha. Nizifute, au nibadilishe kemikali? Silali.

Bi_Nuru: Lala kwanza mwanangu. Mdogo wangu akiwa na mimba ya miezi minane aliambiwa ALP iko juu, ini limekwisha. Tulilia nyumba nzima! Kumbe kondo la nyuma nalo hutoa ALP. Na watoto wanaorefuka huwa nayo juu. Kipimo chako kiulize umri na mimba.

Fundi_Sampuli: Tyubu za kifuniko gani?

Kijana_wa_Benchi: Zilikaa kwenye friji vizuri mkuu.

Fundi_Sampuli: Sijauliza friji.

Kijana_wa_Benchi: Za mwanzo nyekundu. Hizi 40 zambarau. Zilibaki baada ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, rafiki yangu wa maabara alikuwa anazitupa. Hela ya utafiti imeisha, na nilidhani damu ni damu tu, tyubu yoyote.

Fundi_Sampuli: Basi kemikali yako ni nzima. Tyubu ya zambarau ina kemikali iitwayo EDTA. Inashika kalsiamu ili damu isigande, lakini inashika na zinki na magnesiamu, na ALP bila hizo haifanyi kazi.

Kijana_wa_Benchi: Nimeshaagiza magnesiamu, nitaongeza.

Fundi_Sampuli: Na zinki je? Utasoma namba usiyojua imetoka wapi. Halafu damu ya mwenye manjano ina njano yake tayari. Soma mwanzo, soma tena baada ya dakika kadhaa, chukua tofauti.

Mama_Ridhaa: Mnaongea zinki, mimi nauliza wenye damu. Walikubali?

Kijana_wa_Benchi: Majina nimefuta dada. Zingetupwa tu.

Mama_Ridhaa: Kutupwa siyo ridhaa. Kibali chako cha maadili kinazitaja?

Kijana_wa_Benchi: Kinataja 20 za mwanzo.

Mzee_Kahawa: Chai hii! Mtu wa uzamili asiijue EDTA? Kuna mtu anatafuta majibu ya mtihani hapa.

Kijana_wa_Benchi: Mzee, shahada ya kwanza nilisoma kemia, damu nimeikuta huku. Sahani iko mbele yangu. Kishimo cha namba 7 njano ya bizari. Namba 31 hakina rangi, kama maji ya bomba, na faili la mgonjwa linasema njia ya nyongo imeziba. Ningetunga hilo ili iweje?

Fundi_Sampuli: Mimi namwamini. Kijana, 40 usizifute kimyakimya, wala usiziwasilishe. Mwambie msimamizi wako kesho, zilivyopatikana na zilivyofeli. Kamati ikiruhusu, mtu mmoja aliyeridhia atoe damu kwenye tyubu nyekundu na ya zambarau, uzipime bega kwa bega.

Kijana_wa_Benchi: Muhtasari nimeshautuma, nimeandika sampuli 60.

Mama_Ridhaa: Umetuma lini?

Kijana_wa_Benchi: Jana.

Mama_Ridhaa: Basi usingoje kesho. Mpigie sasa hivi.