Ufunguo ulikuwa chini ya godoro, pikapu ikashusha vioo vyote kwenye mvua. Nani aliiweka hii batani ya kufungua namna hii?

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Wiki ya tatu sasa pikapu yangu inanuka kama tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo, taa ya eabegi (ule mfuko wa hewa wa kukukinga ukigonga) haizimi, na kila ninayemweleza ananiambia "uwe makini na ufunguo". Makini vipi? Mtu akinunua gari la kazi anategemea aweke ufunguo mfukoni, ainame, achuchumae, abebe gunia, na gari libaki limefungwa. Hilo ndilo jambo la kwanza kabisa ambalo ufunguo unatakiwa ufanye.

Ilivyokuwa ni hivi. Nabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kuleta Dar. Mwezi wa nne nilichelewa kupakia, mvua ilikuwa inapiga, nikaamua kulala Morogoro kuliko kushuka usiku na mzigo. Nikapata gesti yenye geti na mlinzi, chumba ghorofa ya kwanza, gari nimeliegesha chini ya dirisha langu kabisa. Turubai nimefunga mwenyewe, kamba nimezikaza, nikabonyeza rimoti, taa zikawaka, saitimira zikajikunja. Nikapanda kulala.

Wenzangu wa biashara mnajua tunavyolala gesti. Hela ya mzigo iko kwenye suruali, suruali unaikunja unaisukumia chini ya godoro upande wa kichwani. Ufunguo ulikuwa humo humo mfukoni.

Saa kumi na moja alfajiri nashuka, mvua bado inanyesha. Saitimira zimejikunja, milango imefungwa. Vioo vyote vinne viko chini. Kiti cha dereva kimelowa mpaka ukikigusa maji yanatoka kama sponji, na kwenye kapeti ya nyuma maji yamesimama. Daftari langu la madeni lilikuwa kwenye mfuko wa mlango. Nililifungua karatasi zimeshikana, majina ya watu wa miaka miwili yamegeuka madoa ya bluu. Kuna wadeni sijui watalipa vipi kwa sababu hata mimi sina pa kuwaonyesha.

Kwanza nilimrukia mlinzi, na hapa namwomba msamaha maana hakuwa na kosa. Aliapa hakuna aliyegusa gari. Ndipo nikaanza kufikiria ule ufunguo. Nikavipandisha vioo, nikafunga gari, nikamwambia asimame jirani nalo, nikapanda chumbani, nikaikunja suruali vile vile, nikaiweka pale pale, nikalala juu yake. Sikumaliza hata kuhesabu tano nikasikia anapiga kelele huko chini: "Bosi, vinashuka! Vyote vinashuka!"

Kumbe gari hili, na baadhi ya pikapu za siku hizi, ukibonyeza batani ya kufungua ukaishikilia, linashusha vioo vyote kwa mpigo. Waliiweka ili ukiegesha juani upoze gari kabla hujaingia. Nakubali ni kitu kizuri kwa anayekihitaji. Mimi sikukiomba, sikuambiwa kipo, na aliyeniuzia hakunionyesha.

Sasa ngoja niseme kinachonichoma zaidi ya yote. Gari hili lina akili ya kujua kwamba umefungua milango kwa bahati mbaya. Ukibonyeza kufungua na usifungue mlango wowote, baada ya sekunde 30 linajifunga lenyewe. Kwa hiyo waliolitengeneza WANAJUA kwamba watu hubonyeza bila kukusudia. Walilifikiria kabisa, wakaweka kinga ya milango. Kwenye vioo wakaacha. Ule usiku gari langu lilishusha vioo, likasubiri mlango ufunguliwe, haukufunguliwa, likafunga loki na kukunja saitimira likiwa wazi pande zote nne, likalala hivyo kwenye mvua. Kufunga mlango wa gari ambalo vioo viko chini ni kinga ya nani?

Najua atakayesema vioo vikipanda vyenyewe vinaweza kubana mkono wa mtoto. Vioo vya gari langu vyote vinne vina oto, ukigusa mara moja kinapanda mpaka juu, na kikikutana na kitu kinarudi chini chenyewe. Hiyo kazi tayari kinaifanya kila siku. Basi na usiku kioo kijifunge chenyewe sekunde ile ile loki inapojifunga.

Halafu tuje kwenye ufunguo wenyewe, maana nimeukagua mpaka nimeukariri. Batani ya kufungua ndiyo kubwa kuliko zote, iko katikati, na imetokeza juu ya ganda. Ukiishika gizani kidole kinaikuta kabla ya nyingine yoyote. Hiyo ndiyo batani yenye madhara ikibonyezwa kimakosa! Ya kufunga, ambayo hata ukiibonyeza mara mia haina hasara, ni ndogo na iko pembeni. Wangeizamisha ile ya kufungua milimita mbili tu chini ya usawa wa ganda, mfuko wa jinzi usingeifikia. Ni ganda la plastiki, hakuna teknolojia hapo. Na huku sisi wa pikapu ndio tunaoinama na kubeba. Sokoni Mabibo nimeshawahi kukuta milango imejifungua nimechuchumaa nafunga gunia, jaketi langu likaondoka. Siku ile nikajilaumu, nikadhani nilisahau kufunga.

Nikaenda gereji ya wakala. Nimelipa 80,000 ya kupima gari, wakatoa karatasi inayosema hakuna hitilafu, ni "matumizi ya mteja". Nikauliza, basi nizimieni hiyo ya vioo. Kijana wa mapokezi akasema haizimiki. Nimetoka pale, fundi wa umeme wa Ilala akachomeka mashine yake, akapekua menyu kama dakika kumi, akaikuta: kushusha vioo kwa rimoti, ndiyo au hapana. Akaweka hapana. Ikafa pale pale. Elfu 30. Kwa hiyo inazimika, ila mwenye gari lake hana ruhusa ya kujua.

Akanibadilishia na nyingine ambayo nawaomba muiulizie: bonyezo la kwanza lifungue mlango wa dereva peke yake, milango mingine mpaka ubonyeze mara ya pili. Magari mengi yana uchaguzi huo. Angalau mfuko ukikosea, haufungui gari zima.

Ya taa ya eabegi ni mkasa wake. Chini ya kiti kuna soketi ya njano, hiyo rangi ni ya mfumo wa eabegi. Maji yaliingia humo, pini zikaota kutu ya kijani. Tumetoa viti, tumeng'oa kapeti, tumeanika siku tatu, tumesafisha pini, taa bado inawaka. Maana yake kama nitagonga leo sijui eabegi itafunguka au la. Hiyo si hasara ya harufu tena, hayo ni maisha yangu barabarani na mzigo nyuma.

Wengi wamenishauri ninunue kile kipochi cha kuzuia mawimbi. Nimekinunua. Kina kazi yake, kinazuia wezi wanaovuta mawimbi ya ufunguo wakiwa mbali, lakini hakizuii batani isibonyezwe. Ndani ya kipochi inaendelea kubonyezwa, rimoti inaendelea kurusha hata kama gari halisikii, betri ile bapa ya CR2032 inaisha upesi. Tena kila bonyezo linatoa namba mpya, na gari linafuata mfuatano huo. Ukibonyeza mara nyingi sana gari likiwa halisikii, rimoti inaweza kutangulia mbali mpaka gari lianze kuikataa. Kava la silikoni nalo nimelijaribu, langu ni laini, limeongeza unene tu na mfuko unalibana zaidi.

Kilichonisaidia ni hiki. Gari langu linafunguka kwa kugusa kitasa ufunguo ukiwa mfukoni, kwa hiyo ile batani ya kufungua sina haja nayo. Nilipasua ganda taratibu kwenye ule mstari wa maungio. Ndani kuna bodi ya kijani yenye swichi ndogo ndogo, na juu yake mpira mmoja wenye vichunusi, kila kichunusi kinakaa juu ya swichi yake. Nilichukua wembe nikakata kichunusi cha batani ya kufungua, basi. Bodi sikuigusa. Sasa hata nikilalia ufunguo usiku kucha batani inazama bila kufikia swichi. Ukibadili mawazo, maganda yenye mpira mpya yanauzwa Kariakoo. Betri ikifa, kuna kile kiufunguo cha chuma kilichojificha ndani ya rimoti, kinafungua mlango wa dereva. Ambaye gari lake halina kitasa cha kugusa asikate, agundishe ringi ya plastiki ngumu kuzunguka batani, iwe juu kuliko batani yenyewe, ili kidole kiingie lakini mfuko usiguse.

Lakini kwa nini niwe mimi na wembe, mezani kwangu, usiku, narekebisha kitu cha gari la mamilioni? Miaka kumi na moja niliendesha pikapu ya zamani yenye ufunguo wa chuma na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Haikuwahi kujifungua hata siku moja.

Ninachotaka kwa wanaotengeneza na wanaouza: hiyo ya vioo itoke kiwandani ikiwa imezimwa, anayeitaka aombe awashiwe. Batani ya kufungua izamishwe. Na muuzaji siku ya kukabidhi gari amwonyeshe mteja ufunguo wake unafanya nini, batani moja moja, kabla hajachukua hela.

Sasa naombeni wenye pikapu za aina hii mwandike hapa chini: gari la mwaka gani, kushusha vioo kwa rimoti kumezimika au kumegoma, na fundi alitumia mashine gani. Na kama kuna aliyefanikiwa kuzima taa ya eabegi baada ya soketi ya chini ya kiti kuingia maji, bila kubadilisha waya zote, nakuomba sana uniambie ulifanyaje. Jumamosi napakia tena.