Mjadala: Je, ni haki fedha za umma zifundishe mawimbi ya Jua?

Mleta hoja, Dodoma Mjini: Ninaomba tujadili kama ni haki fedha za umma ziwasomeshe vijana wetu mawimbi yanayopita katika matao ya gesi ya moto ya korona, yaani angahewa ya nje ya Jua, ilhali vijiji vyetu bado vina shida ya maji.

Mkulima wa Hombolo: Si haki. Sisi Jua tunalijua kwa ukame. Kutazama matao ya moto yakiyumba ni starehe ya mataifa yaliyoshiba.

Mwalimu, Kondoa: Ndugu yangu, neno "starehe" limenichoma. Baada ya mlipuko wa Jua wa tarehe 14 Julai 1998, setilaiti ya Marekani iitwayo TRACE iliyaona matao hayo yakiyumba kwa mawimbi hayo, kila myumbo ukichukua zaidi kidogo ya dakika 4, na kwa kulinganisha muda huo na urefu wa tao wataalamu wakakadiria nguvu ya uga sumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyotanda huko, mahali ambapo ni vigumu mno kuipima moja kwa moja. Uga huo ndio chanzo cha milipuko inayovuruga redio na setilaiti. Starehe iko wapi hapo?

Mhandisi, Area C: Mwalimu ameacha kubwa zaidi, kwamba mawimbi hayo ndiyo yanayoipasha korona joto.

Mwanafunzi wa fizikia: Hapo ninakupinga kabisa. Korona huzidi nyuzi milioni 1 ilhali uso wa Jua ni takriban nyuzi 5,500, na sababu bado inabishaniwa. Mwanafizikia Alfvén alieleza mawimbi ya aina hiyo mwaka 1942, lakini mwenzake Parker alitetea kwamba joto hilo hutoka kwa milipuko midogo midogo isiyohesabika. Tusimpe mkulima dhana kana kwamba ni hukumu.

Mkulima wa Hombolo: Wasomi wenyewe hamkubaliani, nasi tuwanunulie darubini?

Mwanafunzi wa fizikia: Hakuna darubini ya kununua, mzee wangu. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho SDO, kilichorushwa mwaka 2010, hupiga picha za korona kila baada ya sekunde 12, nazo hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti.

Mkulima wa Hombolo: Kama ni bure, mleta hoja atueleze fedha anazozisema ni za nini.

Mhandisi, Area C: Kabla ya hayo, kijana anijibu: myumbo ule wa mwaka 1998 ulififia kwa takriban robo saa tu. Nishati yake ilikwenda wapi kama si kwenye joto?

Mwanafunzi wa fizikia: Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba huhamia kwanza kwenye tabaka jembamba la ukingo wa tao, na kuhama si kugeuka joto.