Mnaosoma onlaini huku mko kazini, nini hasa kinawaridhisha?

NesiTanda: Habari za jioni wanajamvi. Mimi nesi huku Tandahimba, nasoma digrii onlaini mwaka wa pili na nimebakiza kidogo niache. Siyo ugumu wa masomo, bando nanunua na nikitoka zamu ya usiku naingia darasani hivyohivyo macho mazito, ila kilichonivunja moyo ni asaimenti ya presha ya wajawazito, kurasa 12 nimeandika kwa mkono wangu, imekaa wiki 7 imerudi na 14 kati ya 30 basi, hakuna hata neno moja nimekosea wapi. Wenzangu nyie mnaridhika na nini, mtandao, ada au walimu?

MwlNachi: Pole sana dada. Mimi mwalimu wa sekondari Nachingwea, nimemaliza mwaka jana. Wengi watakwambia mtandao, na kweli Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tulihangaika, lakini hilo tulisamehe kwa sababu mwalimu wetu mtandao ulivyorudi tu akatuandikia kwenye grupu kwamba tarehe ya kukusanya kazi imesogezwa. Unajua kuna mtu upande wa pili. Asaimenti yangu ya kwanza ilirudi na voisi ya dakika 3, "hapa umetaja tu, hujaeleza", niliisikiliza nikiwa juu ya bodaboda natoka shule na mpaka leo nikiandika naisikia.

KoroshoMasasi: Kwangu mimi muda. Ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho ukianza Oktoba ni mizani na makaratasi mpaka usiku, sasa kipindi cha laivu wanaweka saa 9 alasiri nitaingiaje? Wakirekodi nikasikiliza saa 5 usiku sina neno. Nilikoanzia walikuwa hawarekodi, nikahama.

MzeeWaLindi: Mwalimu kasema kweli tupu. Mtaalamu wa elimu ya masafa Michael Moore aliliandika hili tangu miaka ya 1970, umbali kwenye masomo ya mbali siyo kilomita, mazungumzo na mwalimu yakipungua na mpangilio wa kozi ukikazwa sana ndo umbali unazidi. Binti yangu usiache. Mwandikie mkufunzi, usimuulize kwa nini 14, muulize ukurasa mmoja tu, swali dogo ni rahisi kujibika.

NesiTanda: Shikamoo mzee, asanteni wote. Nimeshamwandikia sasa hivi, nimeuliza ukurasa wa 4 tu. Naingia zamu saa 2, nitawaambia akijibu.